Mbuzi wa Baba na Kanisa la Maboksi

Chekeni kwanza mmalize ndiyo nisimulie, maana nawajua, mkibana vicheko hamsikii mtu anasema nini. Tayari? Haya. Mimi ndiye yule dada aliyepiga kelele "Kamateni kanisa!" mbele ya mkuu wa jimbo, wazee wa usharika, kwaya tatu na nusu ya ukoo wetu, na ndiyo maana asubuhi nikipita stendi ya Same kwenda kazini kuna bodaboda wawili (nawajua, na mama zao nawajua) wananiita kwa maneno hayo badala ya jina nililobatizwa. Nimeshazoea. Uongo, sijazoea, ila nasalimia napita.

Sasa ili mnielewe, mimi ni mshonaji, nina fremu yangu hapa Same, nashona sare za shule na magauni ya harusi, ila Jumamosi mchana nikishafunga naenda karakana ya Fundi Eliya, seremala, kule nyuma ya soko, ambako tunakutana watu saba wazima wenye akili timamu kutengeneza vitu vidogo. Modeli. Tuna klabu kabisa, na mwenyekiti ndiye huyo Fundi Eliya, ambaye anatengeneza mabasi ya barabara kuu, lakini usifikiri ni mchezo, basi lake lina pazia, lina vioo vya pembeni, lina hadi yale maandishi ya nyuma, na siku moja walinuniana na mwenzake mwezi mzima kwa sababu ya wiper. Kuna Lemburis, mwenye duka la dawa za mifugo, watu wake ni wafugaji wa huku chini tambarare, yeye anatengeneza ng'ombe, na kila ng'ombe ni ng'ombe fulani wa kweli wa zizini kwa baba yake, akikosea baka moja anafuta anaanza upya. Mimi natengeneza majengo. Vyote kwa skeli moja, moja kwa ishirini na tano, yaani mita moja ya kweli kwetu ni sentimita nne, ili siku tukiviweka pamoja ng'ombe asije akawa mkubwa kuliko basi.

Baba yangu, Mzee Mbonea, hakuwahi kuangalia hata modeli yangu moja. Yeye yuko kwetu juu, milimani, upande wa Mamba, analima tangawizi kama watu wote wa kule, lakini ujana wake alikuwa fundi mwashi, na si mwashi wa kubahatisha. Lile kanisa letu la mawe, pembe zake zote nne alijenga yeye na marehemu mwalimu wake. Nikimwonyesha kazi yangu anatupa jicho pembeni, anauliza, "Na cherehani haijambo?" basi, ndiyo mwisho wa mazungumzo. Mama aliniambia kwamba watu wakimuuliza Jumamosi mimi nafanya nini huko mjini, anajibu, "Anacheza na maboksi." Nina miaka thelathini na minane, jamani, nina watoto wawili, na baba yangu anasema nacheza na maboksi.

Mwaka huo likatoka tangazo kwamba lile kanisa litabomolewa. Ardhi ya upande wa bondeni inashuka, ukuta umepata ufa mkono unaingia, na jipya litajengwa pale juu kidogo penye tambarare. Baba alipinga kwenye kikao cha wazee, akashindwa, akanyamaza, na mzee akinyamaza kule kwetu ujue ameumia. Hapo ndipo mwenzenu nikapata wazo. Nitamtengenezea kanisa lake, zima, jiwe kwa jiwe, lipelekwe Sikukuu ya Mavuno, lizinduliwe mbele ya watu, akae nalo hata lile lingine likiondoka. Nilitaka aliangalie. Na nisiwafiche, nilitaka aniambie "umefanya vizuri," mara moja tu, halafu hata asiseme tena mpaka Bwana arudi.

Nilipanda kule Jumapili nne mfululizo na futi yangu ya kushonea, napima madirisha, napima milango, natambaa ukutani kama kinyonga. Baba akapita akanikuta nimepima mlango mkubwa. Akasimama. "Unalishonea gauni?" akauliza, akaenda zake. Nilisema moyoni, subiri, mzee, utaona.

Kazi ikaenda vizuri, haki ya Mungu ikaenda vizuri. Kuta za maboksi magumu, mabati nilikata makopo ya soda nikayaminya kwenye kitana mpaka yakapata yale mawimbi, vioo vya rangi nikatumia makaratasi ya pipi. Na mawe! Kila jiwe nilitengeneza peke yake kwa magazeti yaliyolowekwa na kupondwa. Nikaanza na mnara na pembe ya mbele, vikasimama imara. Ilipofika Alhamisi, sikukuu ikiwa Jumapili, gundi ya mbao ikaisha.

Hapa ndipo palipoanzia. Gundi ilikuwepo, ndoo nzima, kwa Fundi Eliya. Lakini Jumamosi iliyotangulia Fundi Eliya aliniambia mbele ya wote, "Dada Nakijwa, gundi yako haifiki mwisho, chukua na hii," nami kwa kiherehere changu nikamjibu, "Ya kwangu yatakushinda, shughulika na wiper zako." Sasa nimrudie siku tano baadaye nikiwa nimeshika kikopo? Mimi? Si afadhali nife. Nikakumbuka shangazi yangu alikuwa akibandika magazeti ukutani kwa uji wa unga wa muhogo, mzito, uliotiwa chumvi nyingi ili mende wasisogee. Nikachemsha sufuria zima. Nikatia chumvi mikono miwili (mende wa Same ni wakubwa), nikaendelea na kazi. Ukashika vizuri mpaka nikajiona nina akili. Mawe yote yaliyobaki, uji wa chumvi. Kilima cha kusimamia kanisa, pumba za mahindi na uji wa chumvi. Majani ya uwanjani, majani makavu ya maharage niliyoyaponda. Migomba midogo kando ya njia, maganda ya mahindi.

Mtu mwenye akili zake ameshaona. Mimi sikuona. Nilikuwa nimetengeneza chakula cha mifugo chenye madirisha.

Jumamosi nikakileta karakanani, wenzangu wakazunguka, wakakubali. Lemburis akainama, akanusa, akanusa tena, akasema, "Dada, hii kitu inanukia chakula." Nikasema wivu huo. Akasema, "Mimi nauza chumvi ya ng'ombe kila siku, nakwambia inanukia chakula." Nikamwambia aje kesho anisaidie kulibeba badala ya kulinusa. Na alikuja, Mungu ambariki, mapema kabisa, tukapanda na pikapu, kanisa magotini kwangu, yeye nyuma ameshika kilima, kila kona ya ile barabara nafumba macho.

Mnajua kwetu Sikukuu ya Mavuno ilivyo. Watu hawaji mikono mitupu. Unakuta magunia ya tangawizi, mikungu ya ndizi, maharage, kuku wamefungwa miguu, mbuzi, vyote vinapangwa nje, na ibada ikiisha ni mnada hapo hapo uwanjani, mnadishaji anapiga kelele, watu wanashindana, ndizi moja inanunuliwa inarudishwa sadaka inanunuliwa tena, raha tupu. Katibu wa usharika akanipa nafasi chini ya turubai, karibu na mlango wa kanisa. Nikaomba meza fupi, ile ya sebuleni ya mninga, nzito, ili wazee wakiwa wamekaa kwenye viti waone mpaka ndani. Nikaweka kanisa, nikalifunika kwa shuka jeupe mpaka chini, ili mkuu wa jimbo alifunue baada ya ibada.

Nimepiga magoti nanyoosha shuka, pini nimezibana mdomoni, nikasikia nyuma yangu, "Nakijwa."

Baba. Nikashtuka kweli, maana sikutaka alione kanisa kabla ya wakati wake. Nikasema shikamoo bila kugeuka, akaitikia marahaba, akauliza, "Huyu nimfunge wapi?"

Sikuuliza huyu ni nani. Sikugeuka. Nilitaka tu aondoke asije akachungulia. Nikasema, tena kwa haraka, "Popote tu, baba."

Tukaingia ibadani. Ibada ilikuwa ndefu, ile ya wageni, kila kwaya inaimba mbili na nyongeza. Mimi nilikaa dirishani makusudi nipate kuchungulia turubai, na katikati ya mahubiri nikaona shuka linatikisika. Nikasema upepo. Likatikisika tena, upande wa madhabahu. Nikasema upepo wa kwetu nao! Tena nikafurahi, nikaona upepo unanogesha, watu watakuwa na hamu ya kujua kilichofunikwa. Mwenzenu niliketi pale nikiwa na tabasamu la bibi harusi wakati kanisa langu linaliwa.

Tukatoka. Watu wakazunguka turubai, wazee wakapewa viti vya mbele, baba akiwa katikati yao na koti lake la sikukuu. Katibu akanitambulisha, akasema mtoto wetu ametutengenezea kumbukumbu, makofi, vigelegele, kwaya ya akina mama ikaanzisha pambio. Mkuu wa jimbo akasogea, akashika pindo la shuka, akasema maneno mazuri kuhusu mikono ya wanawake, akavuta.

Mbuzi akainua kichwa.

Akakiinua pamoja na paa. Alikuwa ameingia kupitia madhabahuni, amekula ukuta wa nyuma, amekula mawe, amekula kilima na migomba yote, na sasa mabati yangu ya makopo ya soda yamemkaa shingoni, pembe moja imetokea pale penye msalaba, anatafuna taratibu, anamtazama mkuu wa jimbo usoni. Pambio likakatika. Bibi mmoja wa mbele, nadhani alikuwa hajavaa miwani, akasema "Haleluya."

Laiti ningetulia. Watu wangecheka, tungemtoa paa kichwani, yangeisha. Lakini mimi nikaruka na kelele kama nimeona nyoka, mbuzi naye akaogopa, kamba ikafunguka (si ilikuwa imefungwa kwenye mguu wa meza), akatoka mbio na paa lake linalia chwaa chwaa chwaa kwa yale makopo, na kadiri linavyolia ndivyo anavyozidi kuogopa, akapita katikati ya kwaya, akaruka gunia la tangawizi, akateremka bondeni. Na mimi nyuma, na viatu vya kisigino, na gauni nililojishonea mwenyewe likanibana magotini, nikapiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka barabara kuu: "Kamateni kanisa! Jamani, kamateni kanisa!"

Hakuna aliyekamata. Walikuwa wamekaa chini wanacheka. Wengine walishahamia kwenye Kipare kabisa, maana kule kwetu kicheko kikikolea Kiswahili hakitoshi. Nikafika ukingoni pa shamba la tangawizi la jirani, kisigino kikazama, nikakaa chini na nikateremka hivyo hivyo nimekaa, tuta la kwanza, la pili, la tatu, mpaka nikagota kwenye mgomba, gauni limepasuka mshono wa ubavuni. Mshonaji, jamani. Mshono wangu mwenyewe.

Ndipo akaja Lemburis, anatembea tu, hana haraka, mkononi ameshika kipande cha kilima. Akapiga mluzi mdogo, akanyoosha kiganja, na yule mbuzi aliyenishinda mimi akarudi mwenyewe, akaanza kulamba. Lemburis akamvua paa taratibu asimkwaruze. Akaniangalia pale chini ya mgomba. "Nilikuambia inanukia," akasema. Wala hakucheka, na hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Nikarudi uwanjani nimejifunga kitenge cha kuazima, na huko mnada umeshaanza, na cha kwanza kunadiwa ni nani? Mnadishaji amempandisha mbuzi kwenye benchi. "Ndugu zangu, huyu si mbuzi wa kawaida! Huyu ni mbuzi aliyejazwa! Anayemnunua huyu anaondoka na usharika mzima tumboni!" Watu hoi. Mkuu wa jimbo mwenyewe anafuta machozi kwa leso. Mimi nilisimama nyuma ya nguzo ya turubai, najifanya nakunja shuka, na nilikuwa nimeamua kabisa kwamba nikifika Same nachoma kila boksi nililonalo, klabu basi, modeli basi, baba alikuwa sahihi tangu mwanzo. Hilo ndilo lililoniuma. Si kicheko cha watu. Ni kwamba siku ya kwanza ambayo baba angeangalia kazi yangu, ilikuwa tumboni mwa mbuzi.

Basi baba akasimama.

Alisimama polepole, akavua kofia, na kwa kuwa ni mtu asiyesema hovyo, uwanja ukanyamaza. Mnadishaji akashuka kwenye benchi.

"Mbuzi ni wangu," baba akasema. "Kamba nimefunga mimi. Nilidhani chini ya shuka kuna vyombo vya wageni."

Watu wakataka kucheka tena. Akawaangalia, wakaacha.

"Huyu mtoto amenijengea kanisa," akasema, "na mimi nimelilisha mbuzi. Namwomba radhi mbele yenu."

Mzee wa kanisa, jamani. Baba yangu. Anamwomba radhi mtoto wake hadharani, mbele ya mkuu wa jimbo, kwa jambo ambalo nusu yake ni kosa langu (yote, mkitaka ukweli, ila sikusema). Nilitamani ardhi ya kule bondeni ishuke yote siku hiyo hiyo iniondoe. Nikalia, si kidogo, nililia kwa sauti kama mtoto aliyenyang'anywa chakula, na bibi yule wa Haleluya akanikumbatia.

Mnada ukaendelea. Baba akaenda turubaini peke yake. Kilichobaki mezani ni mnara na pembe ya mbele, vile nilivyobandika kwa gundi ya kweli kabla haijaisha, mbuzi alionja akaacha. Akakichukua kile kipande, akakaa kwenye jiwe, akakigeuza huku, akakigeuza kule, akakisogeza juani. Akaniita.

"Pembe hii umepanga wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Jiwe moja moja?"

"Ndiyo, baba."

Akapuliza pumba zilizobaki juu yake. Mimi nasubiri. Nikajisemea ndiyo sasa, ndiyo analisema.

"Umekosea," akasema. "Jiwe la pembe linalala huku. La juu yake linalala kule. Yanashikana." Akafumbata vidole vya mikono miwili akanionyesha. "Ukipanga hivi ulivyopanga, ukuta unafunguka. Utajenga jingine. Na nitakuja nisimamie, maana naona hukufundishwa."

Nikadhani anasema tu. Jumamosi iliyofuata, saa saba mchana, tuko karakanani, akaingia mzee na koti lake la sikukuu, futi mfukoni, mkononi timazi yake ya kupimia kama ukuta umesimama wima. Timazi! Kwa ukuta wa sentimita ishirini! Fundi Eliya akampa kiti, akakataa, akazunguka meza. Tangu siku hiyo amekuja kila Jumamosi, hakosi, na nilikuwa naomba aangalie kazi yangu mara moja tu. Amenivunjisha ukuta wa kaskazini mara tatu. Amemwambia Fundi Eliya kwamba basi lake limelalia kushoto. Amemwambia Lemburis kwamba ng'ombe wake wamekonda, na Lemburis, ambaye angeweza kukusamehe ukimtukana yeye mwenyewe lakini si ng'ombe, alikaa wiki mbili bila kuja. Wanachama wananiangalia mimi. Nifanyeje? Ni baba yangu.

Kwa hiyo ninyi mnaocheka, chukueni la bure kutoka kwangu: gundi ikikuisha, mwombe mwenzako hata kama juzi ulimjibu vibaya, meza aibu ndogo usije ukaitafuna kubwa. Chumvi katika gundi mimi tena basi, heri mende wale. Na mtu akikuuliza amfunge wapi mbuzi, geuka, mwangalie mbuzi, ndipo ujibu.

Lile la mawe walilibomoa juzi Jumamosi. Nilidhani siku hiyo baba atabaki juu kuangalia, wazee wote walibaki. Yeye alikuja Same. Hakusema kitu kuhusu habari hiyo na sisi hatukuuliza, hata Fundi Eliya, ambaye huwa anauliza kila kitu. Alinisimamia tangu mchana mpaka bati la mwisho likakaa. Kisha akainama, macho sawa na ukingo wa paa, akapitisha kidole pale ukuta unapokutana na bati, taratibu, pande zote nne.

"Hapo sasa mvua haiingii," akasema.

Nikajidai naenda kununua maji, nikasimama nyuma ya karakana mpaka macho yakakauka, na niliporudi nikamkuta ameshaligeuza kanisa, amevaa miwani, ananisubiri aniambie dirisha gani limekwenda upande.